Tanga tunasoma kutwa, tatizo ni kusoma peke yako

MkaaBarazani (mleta uzi)

Wakuu, salaam kwenu.

Kuna usemi umechakaa kwa kushikwashikwa: ukitaka kumficha Mtanzania kitu, kiweke ndani ya kitabu. Ikianza tu mada ya elimu lazima mtu aupitishe, na wenzake waitikie kwa vichwa. Mimi naishi Tanga, Ngamiani, na shughuli zangu ni za kuzunguka mjini kwa baiskeli. Kwa ninayoyaona, usemi huo unatusingizia. Mji huu watu wanasoma kutwa. Wanasoma wamesimama, wanasoma wanakula, wanasoma huku wanamsengenya mtu. Kinachowashinda ni kusoma kila mtu kivyake, mdomo umefumbwa. Nitoe ushahidi kwanza, mnipinge baadaye.

Tuanze na karanga. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku nchini, Juni 1, 2019, karatasi imerudi kwa nguvu. Karanga, bajia, mihogo ya kukaanga, vyote vinakuja vimefungwa ndani ya maandishi, na maandishi yenyewe hayachagui: daftari la mtoto, mtihani wa majaribio, kitabu kilichokimbiwa na jalada. Kijiweni kwetu pa kahawa mtu akimaliza karanga hatupi karatasi mpaka isomwe. Juzi ilikuja ya mtoto wa darasa la sita. Swali: taja sababu tatu za mmomonyoko wa udongo. Mtoto kataja mbili, ya tatu kaandika "na mengineyo". Mwalimu kamkosesha kwa wino mwekundu. Basi hapo pakachafuka. Mzee mmoja, ambaye kwa kawaida huongea akiulizwa tu, alisimama kumtetea mtoto wa watu kwamba kajibu kweli tupu, kwani mengineyo hayamomonyoi? Mwingine akasema hata matangazo ya serikali yanaishia na "mengineyo" na hakuna anayeyakosesha. Kahawa ilipoa mikononi.

Siku nyingine ikaja karatasi ya riwaya, haina mwanzo, haina mwisho, jina la kitabu halipo. Mwanamke kapokea barua, kaisoma, kakaa kitandani. Ukurasa umeishia hapo. Nusu ya kijiwe wakasema barua ni ya mumewe, nusu wakasema ni ya mtu mwingine, na hoja zikatolewa. Kama ni ya mume, alisema fundi cherehani wetu, asingekaa kitandani, angekaa kwenye kiti. Tukamfuata muuza karanga atupe ukurasa unaofuata. Akajibu umeondoka na bajia za mteja wa Sahare.

Sasa hao ndio watu wasiosoma?

Pita kwenye meza ya magazeti asubuhi. Yamelazwa yakifunikana, vichwa vya habari viko nje, habari yenyewe iko mkunjoni, maana muuzaji naye si mjinga. Wamejaa watu, mnunuzi hakuna. Mmoja anasoma kwa sauti, mwenzake anaeleza kila kilichomo ndani ingawa gazeti halijafunguliwa. Na hao wote magazeti hayohayo wameshasomewa na redio wakiwa wanapiga mswaki. Wamekuja kuhakikisha.

Halafu kanga. Hapa nikae kidogo, maana ndipo penye utamu. Kanga ndiyo maandishi pekee ninayoyajua ambayo kila mtu anayasoma isipokuwa aliyeyavaa. Maneno yako nyuma yake, na anayemfuata njiani ndiye msomaji. Sisi wa baiskeli tumehitimu. Dukani mwanamke hanunui kanga mpaka aulize jina lake, yaani yale maneno, linasemaje. Rangi imempendeza, mji, ile sehemu ya katikati, umempendeza, pindo limempendeza, lakini jina likimkaa vibaya anairudisha rafuni. Nitajieni msomaji wa riwaya aliye mkali namna hiyo. Mombasa hapo, akina Kaderdina Hajee Essak, wale wa "Mali ya Abdulla", biashara yao inarudi nyuma mpaka 1887, na zamani majina ya kanga yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu kabla ya hizi tunazotumia. Yaani mabibi zetu walikuwa wanafuatilia matoleo mapya wakati sisi wa magazeti hatujazaliwa.

Mtaani kwetu kuna majirani wawili waliosusiana, na maongezi yao yote yalipita kwenye kamba za nguo. Mmoja akaanika "Hasidi hana sababu". Kesho yake upande wa pili ikaanikwa "Mdhaniaye ndiye kumbe siye". Ikakaa siku mbili, haianuliwi. Yule wa kwanza akatuma mtoto dukani, akarudi na "Naogopa simba na meno yake, siogopi mtu kwa maneno yake", mpya, haijafuliwa hata mara moja, akaianika hivyohivyo ikiwa kavu. Hakuna aliyefungua mdomo. Mtaa mzima ulikuwa unafuatilia, na waliokuwa safarini walipigiwa simu.

Na hili nalisema kwa adabu. Ikisomwa hitma, zinaletwa juzuu 30, kila mmoja anachukua yake, na msahafu mzima unakhitimishwa kabla wapishi hawajapakua. Kitabu kimoja, watu thelathini, kikao kimoja. Mtu anayetuona hatuna uvumilivu wa kumaliza kitabu hajawahi kukaa mkekani.

Kamati za harusi nazo msizidharau. Kundi la WhatsApp linafunguliwa, katibu anaweka orodha ya ahadi. Kila mchangiaji anainakili orodha yote, anaongeza jina lake chini, anairudisha. Wawili wakifanya hivyo kwa pamoja, zinazaliwa orodha mbili. Jioni ziko nne, kwenye moja shangazi wa bwana harusi hayumo kabisa, na hapo ndipo utajua watu wanasoma. Orodha inapitiwa mstari kwa mstari, tarakimu kwa tarakimu, na tafsiri juu: fulani kaahidi 50,000 na juzi tu kanunua bodaboda. Kusoma kwa kina ni nini zaidi ya hapo?

Sasa fanya jambo moja. Chukua kitabu, kaa barazani peke yako, soma kimya. Wa kwanza kupita atakuuliza, "Una mtihani?" Wa pili, "Unaumwa?" Wa tatu hatauliza, atakwenda kwa mkeo kuuliza kama mmekosana. Mtu mzima aliyeinamia kitabu anaonekana ana jambo.

Nasema hivi: tatizo letu kitabu kinatutaka tujitenge, na kujitenga kwetu ni dalili. Karibuni.

NyukiWa1914

Nimeweka kambi hapa.

Umenikumbusha vita vya Tanga, Novemba 1914. Vitabuni vimejaa tele, tena vya Kiingereza na Kijerumani. Jenerali Aitken alileta askari wapatao 8,000 kutoka India, Wajerumani wa von Lettow-Vorbeck hawakufika hata robo yao, na bado Waingereza walirudi melini wakaacha bunduki na risasi ufukweni. Sisi huku hatukusoma hata kimoja, lakini muulize mtu yeyote wa Tanga, atakwambia nyuki. Nyuki walikuwepo kweli, waliwauma watu wa pande zote mbili. Shida kila mzee ana nyuki wake. Wa babu yangu walitumwa. Wa jirani yake waliamshwa na risasi. Wa muuza kahawa walikuwa wanajua kutofautisha sare.

Halafu nikaja kusoma kwamba hata huko Uingereza kuna waliodai Wajerumani ndio waliowatega wale nyuki kwa makusudi. Kumbe na wenye vitabu wana kijiwe chao.

Binti_Makorora

Kaka MkaaBarazani, umeandika vizuri, lakini umeandika kiume. Hicho kijiwe cha kahawa mimi siwezi kukaa hata kama karatasi ya karanga ingekuwa na hati ya nyumba yangu. Kwa hiyo hiyo raha ya kusoma pamoja ni ya nani?

Mimi nasoma peke yangu na ndivyo ninavyotaka. Nyumba ina watu tisa. Kutwa nzima ni "mama fulani", "dada", "shangazi", "hodi". Saa tano usiku kila mtu kalala, najifunika kanga gubigubi na simu ndani, nasoma riwaya mpaka betri inaniaga. Ningeshika kitabu cha karatasi ningewasha taa, na taa ikiwaka ninaulizwa. Simu haiulizwi, imezoeleka. Mama mkwe anaamini nachati na dada zangu, na nimemwacha aamini.

Siku niliyoshika kitabu kweli, cha jalada, mchana, wageni wawili walioingia waliniuliza kama ninarudi shule. Nilipowaambia nasoma tu, mmoja akasema "hongera" kwa sauti ya pole.

Kwa hiyo usituambie kujitenga ni dalili. Kwa wengine ni mapumziko.

Kuhusu kanga uko sawa. Ila umesahau kwamba anayeivaa anajua vizuri sana imeandikwaje, na anajua nani yuko nyuma.

Kibarua_Kariakoo

Dah. Uzi mtamu lakini mnauvalisha uvivu kanzu na kofia.

Kusoma orodha ya michango si kusoma. Hata mimi nasoma orodha ya wadeni wangu kila siku, mbona sijapata shahada? Kusoma ninakokujua ni kukaa na kurasa mia tatu za mtu mmoja usiyemjua, akufikishe kisikofika kijiwe chako. Huko karatasi ya karanga haifiki.

Ushahidi wangu ni huu. Mchukue mhitimu yeyote wa kidato cha nne, muulize juu ya riwaya aliyosomea mtihani. Atakutajia dhamira, wahusika, matumizi ya lugha, ujumbe, falsafa ya mwandishi, yote kwa mpangilio. Muulize kitabu chenyewe kilikuwa na jalada la rangi gani. Hajui, hajawahi kukishika. Alisoma uchambuzi wa kurasa kumi uliotolewa kopi mpaka herufi zimefifia, na uchambuzi wenyewe umenakiliwa kutoka uchambuzi mwingine. Nimewahi kukutana na kijana anamchukia mhusika kwa dhati na hajui mhusika huyo alifanya nini.

Na hivyo vitabu vinavyouzwa ndani ya basi, pale Kange, pale Segera, ni vipi? Jifunze Kiingereza kwa wiki chache. Mimea tiba. Namna ya kutajirika. Muuzaji anakisimulia chote akiwa kasimama kwenye korido, mpaka mnunuzi akilipa kitabu kimeshaisha.

Watani zangu wa Tanga, waja leo waondoka leo, hata kwenye vitabu mnaingia ukurasa wa kwanza mnatokea wa kwanza.

NyukiWa1914

Hapo kwenye uchambuzi umenigusa ini. Naijua falsafa ya waandishi watano na sijui hadithi hata moja.

Mwalimu_Mstaafu

Wanangu, hamjambo. Nimefundisha Kiswahili Muheza na Korogwe mpaka nikapewa mkono wa kwaheri. Sipendi kuingia mabishano ya vijana, lakini hapa mmenivuta.

Kijana wa Dar ana haki yake. Uchambuzi umetuharibia watoto, nami niliusimamia kopi zake nikijua, kwa sababu darasa lilikuwa na wanafunzi sabini na vitabu vinne. Tukiyasema haya tuyaseme na idadi ya vitabu.

Mleta uzi naye ana haki, na haki yake ina mizizi mirefu kuliko karanga. Maandishi ya pwani hii hayakuandikwa ili mtu ajifungie nayo chumbani. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy, mtu wa Tanga hii, alipotunga utenzi juu ya Wajerumani kuutwaa mrima, vita vile vya akina Abushiri aliyenyongwa Pangani Desemba 1889, alitunga kwa mizani na vina ili usikike. Mizani nane hazihesabiwi kwa jicho, wanangu, zinahesabiwa kwa sikio. Utenzi ulikuwa na mwenye sauti yake, na watu walikwenda kumsikiliza.

Yakaja magazeti. Shule ya serikali ya Wajerumani hapa Tanga ilikuwa na gazeti lake la Kiswahili, Kiongozi, likaja kukoma vita vilipowang'oa wenyewe, mwaka 1916. Baada yake Waingereza wakaanzisha Mambo Leo, mwaka 1923, na humo washairi wakawa wanajibizana. Mtu wa mkoa huu anauliza swali kwa beti sita, mtu wa mkoa ule anamjibu kwa beti nane, kwa bahari ileile na vina vilevile, na jibu linasubiri toleo lijalo. Nyie mnajibizana ndani ya dakika na bado mnagombana kwa kutosomana. Wenzenu walikuwa na mwezi mzima wa kumwelewa mtu kabla ya kumtukana, tena kwa vina. Na baba yangu alinisimulia kwamba kwao nakala moja iliwatosha wanaume wote wa kijiji, maana aliyejua kusoma alikuwa mmoja.

Shaaban Robert ni mtoto wa Vibambani, hapo Tanga, alizaliwa Januari 1, 1909. Kazi aliyolipwa mshahara ilikuwa ukarani: forodhani, kisha ofisi ya wilaya, kisha upimaji wa ardhi hapahapa Tanga. Amefariki Juni 1962, uhuru haujatimiza mwaka. Mtu wa saa za ofisi, na juu yake rafu nzima ya vitabu. Huyo lazima alijifungia, Binti yangu wa Makorora, hapo nakuunga mkono. Kuandika kulitaka mlango. Lakini alichokiandika, ukikisoma kimya, kinapungua. Sentensi zake zina pumzi. Darasani nilikuwa nikiwaambia wasome kimoyomoyo, nusu wanasinzia. Nikigawa sehemu, huyu mfalme, huyu waziri, huyu mshtakiwa, yule mtoro wa darasa anakuja kesho yake kahifadhi.

Kuhusu maktaba ya mkoa pale mjini, ukiingia utakuta vijana wengi wameinama kimya kabisa. Sogea karibu: kila mmoja kaja na daftari lake mwenyewe na kopi zake mwenyewe. Wamefuata meza, utulivu na wenzao waliotulia. Hata kimya wanakitafuta kwa pamoja.

MkaaBarazani

Shikamoo mwalimu. Hiyo ya maktaba nitaitumia kila ninapokwenda na nitasema ni yangu.

Dada wa Makorora, nimekusoma. Sikatai kwamba kijiwe kina wenyewe. Ila tazama: unajifunika kanga ili usome peke yako, halafu riwaya ikiisha unafanya nini? Usiniambie hujamsimulia mtu.

Binti_Makorora

Namsimulia mtengeneza nywele wangu. Saa tatu za kusuka, riwaya nzima, na wanaosubiri zamu wanasikiliza. Umenikamata.

Itaendelea

Wakubwa shikamooni. Mimi ni kijana tu wa Mikanjuni, naomba niongeze la kizazi chetu.

Riwaya za simu. Mtunzi anakuweka kwenye kundi, sehemu ya kwanza mpaka ya tano bure. Ya sita, dada kajificha uvunguni, mlango unafunguliwa, "itaendelea". Ukitaka kinachofuata tuma buku kwenye namba hii. Watu wanatuma. Mtu huyohuyo ukimwambia anunue kitabu anakwambia maisha magumu. Tena akilipa anainakili sehemu ya sita na kuirusha kundi la familia, la kanisa, la vikoba, la timu. Mtunzi analia humohumo kundini kwamba anaibiwa, na wanaomjibu "pole sana mtunzi" ndio waliomwibia.

Siku hizi wengine hawaandiki, wanasoma kwa sauti na kurusha sauti. Nimeona watu wanaongeza kasi mara mbili, mtunzi anaongea mbiombio mpaka kwenye msiba wa mhusika mkuu. Yaani mtu amefiwa na unamharakisha.

Na sinema za kutafsiriwa je? Kwenye kibanda umiza hatukuwahi kuangalia picha tupu. Yupo bwana anaongea juu yake, anawapa Wachina na Wahindi majina ya Kiswahili, anakuambia "huyu mwangalie vizuri, atakuja kumsaliti mwenzake". Nilipoiona sinema moja ya utotoni bila yule bwana, niliona haina hadithi. Walikuwa wanapigana tu.

Kibarua_Kariakoo

Hahaha hapo kwa Wachina nimecheka peke yangu kwenye mwendokasi, watu wameniangalia kama yule wa barazani.

Sawa. Tumalize kiume na kike. Mleta uzi, unasema kijiwe chako ni cha wasomaji. Peleka kitabu kizima. Hapana karatasi ya karanga, hapana kanga, hapana orodha. Kitabu, toka jalada mpaka jalada, kwa sauti. Kikiisha nalipa kahawa na kashata ya kila aliyekuwepo. Mwalimu awe mwamuzi.

Mwalimu_Mstaafu

Chukueni Kusadikika. Ni kifupi, kimetoka 1951, na mwandishi ni mtu wenu, huyohuyo Shaaban Robert.

MkaaBarazani

Wakuu, nimerudi na taarifa. Samahani kwa kukaa kimya, huku mambo ni mengi.

Kitabu nimekipata kwa binti wa jirani, kimeandikwa majibu ya mtihani pembeni. Msomaji tumemchagua kijana wa bajaji ambaye ana sauti ya kutangaza mpira, na hapo ndipo tulipojitakia. Kila mhusika akiingia anamwingiza kama mchezaji wa Coastal Union anayetoka benchi. Waziri Majivuno alipoanza kumshtaki Karama, watu wawili walipiga makofi kabla ya kujua nani mbaya.

Hatukwenda mbali. Kusadikika ni nchi iliyo angani, mnajua. Basi mzee wetu mmoja akainua mkono: maji wanapata wapi? Msomaji akasema kitabu hakijafika huko. Mzee akasema hawezi kuendelea na kesi ya watu ambao hajui wanakunywa nini. Fundi cherehani akadai mvua inaanzia kwao kwa hiyo shida ya maji hawana. Mwingine akasema ikianzia kwao maana yake inawatoka, kwa hiyo wana ukame wa kudumu. Hapo ilipita nusu saa, na nawaambia ukweli, ilikuwa nusu saa nzuri.

Kikao cha pili tulifika kwenye kosa la Karama lenyewe, kwamba alitaka watu wafundishwe sheria. Palikuwa kimya, na si kimya cha kuchoka. Halafu mabishano: wapo waliosema angeomba radhi mambo yaishe, ana familia. Wapo waliosema mtu anayejitetea siku sita mbele ya mfalme bila wakili anastahili kusikilizwa hata na watu wa kahawa. Ikaanza kutajwatajwa mitaa na viongozi wa mitaa kwa kumfananisha Majivuno, ikabidi tuweke sheria kwamba majina hayatajwi, anayetaka kutaja ataje kimoyomoyo.

Malalamiko yapo. Muuza kahawa anasema tangu tuanze watu wanakuja wengi, wanakaa sana, ila wakisikiliza hawanywi. Vikombe vinarudi nusu. Ameomba msomaji awe anasimama kila baada ya kurasa mbili ili watu wameze. Wacheza drafti nao wamesusa, wamehamia upande wa pili wa mwembe na wanapiga kete kwa makusudi.

Binti_Makorora

Na sisi tusiokaa vijiweni? Mrekodi sauti mtutumie. Saluni imeuliza.

MkaaBarazani

Kijana wa bajaji ameshaanza kurekodi. Shida zile kete zinasikika kuliko mfalme. Jana alisoma mtoto wa shule kwa sababu kijana alikuwa msibani Pongwe, na mtoto anasoma mbio, haweki nukta. Mzee wa maji alimrudisha ukurasa mzima.

Itaendelea

Msipunguze kasi, sisi tutaiongeza wenyewe.

Kibarua_Kariakoo

Zimebaki kurasa ngapi? Na mko wangapi? Naomba idadi kamili ya wanaokunywa, maana huku mshahara bado.

MkaaBarazani

Walioanza walikuwa tisa. Orodha naiweka hapa chini, kila aliyekuwepo aongeze jina lake.